Kuchakaa kwa miamba: jiwe linavyogeuka udongo bila kuondoka lilipo

Ukuta wangu wa uzio, huku Mbezi Beach, ulianza kutema unga. Mwaka wa kwanza niliona weupe kidogo usawa wa goti, nikadhani rangi inapauka. Masika ya pili yalipopita, lipu ilikuwa imetuna kama chapati kwenye kikaango. Ukiigusa kinadondoka kipande kizima, na nyuma yake tofali lenyewe linapukutika kama mkate mkavu. Mzee jirani yangu, ambaye amesimamia ujenzi maisha yake yote, alikuja akachovya kidole kwenye ule unga, akaonja, akatema pembeni.

"Mwanangu, hii ni chumvi. Fundi wako alikuletea mchanga wa pwani."

Fundi mwenyewe alishabadili namba ya simu. Lakini kilichoupata ukuta wangu kwa miaka miwili ndicho kinachoipata miamba ya dunia kwa maelfu na mamilioni ya miaka, na wanajiografia wana jina lake. Kwa Kiswahili jina hilo bado halijatulia. Wapo wanaosema kumeguka kwa miamba, wapo wanaosema kuvunjikavunjika, na wapo wanaolifanya kuwa kitu kimoja na mmomonyoko. Mimi nachagua kuchakaa, maana neno hilo tunalo nyumbani na linabeba kile kinachotakiwa.

Kanga huchakaa ikiwa pale pale kambani. Jua linaipausha, jasho na sabuni vinaila, uzi unalegea, siku moja unaivuta inachanika. Haijaenda popote. Upepo ukiinyanyua ukaipeleka uani kwa jirani, hilo ni tukio jingine. Mwamba nao ni hivyo hivyo: kuchakaa ni kuvunjika au kuoza kwa mwamba ukiwa palepale ulipo, kwa sababu ya kukutana na hewa, maji, joto na viumbe hai. Vipande vikishachukuliwa na maji, upepo au mawimbi, hapo ndipo unaposema mmomonyoko. Mto Msimbazi unaposhuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe ukaja kumwaga tope Jangwani, sehemu kubwa ya kazi ya kulitengeneza tope lile ilishafanyika huko juu kabla mvua haijanyesha. Mto ni mchukuzi. Nalisema hili mapema kwa kuwa wanafunzi wengi hupoteza maksi hapa, na watu wazima nao hupoteza hela, kama nilivyopoteza mimi.

Mwamba una njia mbili za kuchakaa. Ya kwanza ni ya nguvu: jabali linakuwa mawe, mawe yanakuwa kokoto, lakini kila kipande bado ni kitu kile kile. Wale wanaogonga kokoto kwa nyundo kule Kunduchi Mtongani wanaanza na jiwe la chokaa na wanamaliza na jiwe la chokaa, ila dogo. Hii huitwa kuchakaa kimakanika. Njia ya pili ni ya kemia, nayo hubadili kitu chenyewe: madini yaliyokuwemo yanaondoka au yanageuka kuwa madini mengine, kama msumari unavyogeuka kutu. Huko ndiko kuchakaa kikemia.

Chumvi ya ukutani kwangu, hata kama unaifahamu kama kitu cha jikoni, kazi yake ilikuwa ya nguvu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mchanga wa pwani usiooshwa unaingia nayo kwenye tofali na lipu. Maji ya ardhini yakipanda kupitia vitundu vidogo vya tofali yanaiyeyusha na kuipandisha. Yakifika karibu na uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kuganda kuwa fuwele, yaani punje ngumu. Fuwele inayokua ndani ya kitundu kilichoibana haina pa kwenda, kwa hiyo inasukuma. Msukumo wa fuwele moja hata usingeusikia, lakini zipo nyingi mno, na haziishii mara moja. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewani na kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75. Kila mwenye kidau cha chumvi Dar es Salaam analijua hili bila kupima: masika ikifika chumvi inalowa, na ndiyo sababu wengine huichanganya na punje za mchele. Usiku unyevu wetu unapita hapo kwa urahisi, chumvi inayeyuka. Mchana jua na upepo vinakausha, fuwele zinaota upya. Nilikuwa nalala huku ukuta unagongwa.

Kwenye miamba ya ufukweni kazi hiyo inafanyika mchana kutwa na mawimbi ndiyo yanayoleta chumvi. Povu la bahari linalowesha jiwe, jua linakausha, jiwe linatoka punje kwa punje hadi linakuwa na vishimo kama sega la nyuki.

Kwenye nchi za baridi nyundo ya namna hii ni barafu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na hilo huhitaji kupanda mlima ili kulithibitisha: sahau chupa ya soda kwenye friza usiku mmoja, asubuhi utaokota vigae. Sisi wa pwani hatuna baridi ya kufanya hivyo nje ya friza. Mfano wetu wa Tanzania uko Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, ambako kule juu maji huingia kwenye nyufa mchana, huganda usiku, huyeyuka tena jua likichomoza. Miteremko ya vifusi vya mawe ambayo wapandaji huilalamikia, hatua mbili mbele moja nyuma, kwa sehemu ni kazi ya barafu hiyo.

Mizizi nayo. Hapa sihitaji kwenda mbali, maana nusu ya pevingi za mtaani kwetu zimenyanyuliwa na mti mmoja wa mkungu. Mzizi huingia kwenye ufa ukiwa mwembamba kama uzi, kisha unanenepa. Kwenye kuta kuukuu za mawe ya matumbawe za pwani hii utaona miti iliyoota juu ya ukuta wenyewe, mizizi imeshuka ndani ya maungio, na jiwe limeachana na jiwe. Mzizi hauna haraka hata kidogo.

Halafu kuna joto, na hapa nina neno la kusema. Karibu kila mwanafunzi amefundishwa kwamba jangwani mawe hupasuka kwa sababu yanapanuka mchana na kusinyaa usiku. Inaingia akilini. Lakini mwaka 1936 Mmarekani David Griggs aliitia jaribuni: alichukua kipande cha granaiti, jiwe gumu la punjepunje, kilichosuguliwa vizuri, akakipasha moto na kukipoza mara 89,400, sawa na siku za miaka 244, katika hali ya ukavu. Alipokitazama kwa hadubini hakuona badiliko. Alipotumia maji kukipoza, dalili za kuharibika zikaonekana mapema sana. Waliokuja baada yake wamesema kipande chake kilikuwa kidogo na hakikubanwa kama mwamba wa kweli unavyobanwa pande zote, kwa hiyo joto halijafutwa kwenye orodha. Ila tangu hapo ni vigumu kulizungumzia joto bila kuuliza: maji yalikuwa wapi? Na kwa Dar es Salaam, ambako tofauti ya usiku na mchana si kubwa, joto peke yake silipi uzito mkubwa.

Njia moja ya makanika huwashangaza watu: mwamba kupasuka kwa kupunguziwa mzigo. Granaiti hutengenezwa chini sana ardhini, imebanwa na uzito wa kilomita kadhaa za mawe. Mawe ya juu yakiisha kuondolewa na mmomonyoko wa zama, granaiti inavuta pumzi, kwa namna ya kusema, inatanuka kidogo, na uso wake unaachia maganda mapana kama kitunguu. Ukifika Mwanza, kwenye majabali yaliyobebana juu ya ziwa na juu ya nyumba za watu, utayaona. Nyufa ziligawanya mwamba vipande, kemia ikaja ikalamba pembe za kila kipande chini ya ardhi hadi vikawa vya duara, na udongo uliovizunguka ukaondoka. Kwa hiyo hata yale mawe, ambayo watu huyaona kama yamepangwa na mkono wa mtu, yalihitaji njia zote mbili.

Na hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii. Njia hizi mbili vitabu huzitenganisha ili zifundishike, lakini kwenye jiwe la kweli zinapokezana. Chukua mchemraba wa jiwe wenye upande wa mita 1. Uso wake wote ni mita za mraba 6. Ukate uwe michemraba yenye upande wa sentimita 10: unapata vipande 1,000, na jumla ya nyuso zake ni mita za mraba 60. Jiwe ni lile lile, uzito ni ule ule, lakini maji yana mahali pa kugusa mara 10 zaidi. Weka kipande cha sukari guru kwenye chai na kijiko cha sukari laini kwenye kikombe kingine, utaona kipi kinatangulia kwisha. Makanika inavunja, kemia inakula, na kilichooza kinavunjika kirahisi zaidi.

Twende kwenye kemia basi, na tuanze mezani. Jumapili moja niliweka vitu vitatu kwenye sahani: kipande cha jiwe la matumbawe nilichokiokota Coco Beach, kokoto nyeusinyeusi kutoka lori lililotoka Lugoba, na mchanga wa ufukweni nusu kijiko. Nikakata ndimu. Kwenye jiwe la matumbawe tone liliguna, vipovu vidogo vikapanda mfululizo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ukiweka sikio karibu unasikia mchirizo. Kwenye kokoto ya Lugoba ndimu ilikaa kama maji. Kwenye mchanga vipovu vilitoka kwa muda, vikakoma, na punje nyingi zikabaki vilevile, angavu.

Jiwe la matumbawe ni kalisi kabonati, mabaki ya viumbe vya bahari. Tindikali ya ndimu inaivunja na vile vipovu ni hewa ya ukaa inayotoroka. Mvua nayo ni tindikali, ila hafifu mno: ikipita angani inabeba hewa ya ukaa na kutengeneza tindikali ya kaboni, na maji safi ya mvua hufikia pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ya karibu 5.6. Yakiingia kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu vinavyopumua, yanabeba hewa ya ukaa nyingi zaidi na ukali unaongezeka. Yakikutana na jiwe la chokaa, jiwe linageuka kuwa bikaboneti inayoyeyuka, na linaondoka pamoja na maji bila kuacha hata tope. Unataka kujua linakokwenda? Tazama ndani ya birika lako kama unatumia maji ya kisima. Ule ukoko mweupe unaogandia chini ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Moto umeifukuza hewa ya ukaa na chokaa ikarudi kuwa jiwe. Kwa hesabu hiyo hiyo, ila bila moto na kwa muda mrefu usioelezeka, maji yamechimba mapango ya Amboni kule Tanga, na ndani yake vinaning'inia vijiwe vilivyojengwa tone kwa tone.

Ukanda wa pwani wa Dar es Salaam, kuanzia Msasani na Oyster Bay hadi Kigamboni, una mwamba huu wa matumbawe ya kale, yaliyokua wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Aliyewahi kutembea peku juu yake anajua kwa nini wavuvi huvaa makubadhi ya tairi. Uso umejaa miiba, visu na vishimo. Ukali huo wote ni alama ya kuyeyuka: maji yanatuama kwenye kishimo, kishimo kinachimbika zaidi, na kilichobaki kati ya vishimo viwili kinakuwa ukingo kama wembe. Chini, usawa wa maji, mwamba umeliwa kwa ndani hadi sehemu ya juu imebaki kama baraza lisilo na nguzo. Hapo wafanyakazi ni wengi. Kuna mawimbi, kuna chumvi, kuna konokono wa bahari wanaokwangua jiwe kutafuta mwani, na kuna kome wanaojichimbia chumba humo ndani wakaishi. Ukiuliza ni nani hasa kafanya, huwezi kumtaja mmoja.

Wazee wa pwani waliifahamu kemia hii kwa njia ya moto. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo kwenye tanuu, yakachomwa mpaka hewa ya ukaa ikatoka, kikabaki kitu cheupe kinachochemka kikimwagiwa maji. Hiyo ndiyo chokaa. Ikipakwa ukutani, kidogo kidogo inavuta tena hewa ya ukaa angani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo nyumba ya zamani ya pwani ni matumbawe yaliyounganishwa na kupakwa matumbawe. Boma la Kale pale barabara ya Sokoine, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 wakati wa Sultani Majid, limejengwa kwa mawe hayo, na chokaa iliyopakwa juu inafanya kazi moja kubwa: inaliwa yenyewe badala ya jiwe. Ndiyo maana nyumba za namna hiyo zilipakwa tena na tena. Ukuta ukiachwa bila kupakwa miaka mingi, mvua inahamia kwenye jiwe.

Kutu ni kemia ya pili. Chuma kikikutana na oksijeni na maji kinageuka kuwa kitu kipya, chekundu, laini, na kikubwa zaidi kuliko chuma kilichokuwepo. Huweza kuchukua nafasi mara 2 hadi 6. Umeona nguzo za zege zilizopasuka kwa urefu, nondo zimechungulia nje? Zege halikuzeeka bure. Kutu ndani yake ilihitaji nafasi ikajipatia. Angalia hapo kemia ilivyogeuka makanika mbele ya macho yako. Kwenye miamba chuma kimo ndani ya madini mengi meusi, nacho hupata kutu vivyo hivyo, na wekundu wa udongo wa Pugu na Kisarawe unatokana na kutu hiyo. Ukirudi kutoka shamba na suruali ina rangi ya tofali, umebeba oksidi ya chuma.

Lakini kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile isiyo na povu wala rangi. Granaiti na jamaa zake zina madini yaitwayo feldispa, mengi kuliko yoyote kwenye miamba hiyo. Maji yenye tindikali hafifu yakikaa na feldispa, yanaivua potasiamu, sodiamu au kalisi yake, yanaondoka nayo, na umbile linalobaki linajipanga upya likichukua maji ndani yake. Kinachopatikana si jiwe tena, ni udongo wa mfinyanzi. Zile punje ngumu zilizong'aa kwenye granaiti zinakuwa unga unaoteleza ukiusugua kwa vidole. Potasiamu iliyovuliwa ndiyo sehemu ya chakula cha mimea, kwa hiyo mhogo wa Kisarawe nao unakula jiwe, tukitaka kusema hivyo.

Pugu, nje kidogo tu ya jiji, ipo hazina ya udongo huu ukiwa mweupe, unaoitwa kaolini, ule unaotumika kwenye vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Umo ndani ya mawe ya mchanga, umezishika punje kama gundi. Ulichimbwa, na mashimo ya machimbo ya zamani leo ni mapango wanamoishi popo, na wageni hupelekwa kutazama jioni wanapotoka. Wengi huwatazama popo. Mimi ningeomba mtu ainamie ukuta wa pango kwa dakika moja: ule weupe ulikuwa feldispa ya miamba, ikaoza hadi ikawa udongo.

Na mwenzake wa feldispa ndani ya granaiti, kwatzi, yeye karibu hajali. Tindikali ya mvua haimfanyi kitu cha maana, kutu haimpati kwa kuwa hana chuma. Feldispa ikioza kumzunguka, punje za kwatzi zinaachiwa huru, mto unazibeba, nazo ndizo mchanga. Zile punje angavu zilizobaki kwenye sahani yangu baada ya ndimu kumaliza vipande vya makombe ni hizo. Karibu kila tofali la jiji hili limetengenezwa kwa masalia ya miamba ambayo haipo tena.

Kwa nini basi jambo hili ni zito zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa nchi kavu au ya baridi? Kwa sababu kemia inataka vitu viwili, maji na joto, na Dar es Salaam ina vyote: mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ikigawanyika masika na vuli, na joto lisiloshuka sana mwezi wowote. Kwenye nchi za namna yetu mwamba unaweza kuwa umeoza makumi ya mita kwenda chini. Unachimba ukidhani ni udongo, kumbe ni granaiti iliyosahau kuwa jiwe, mistari yake ya zamani bado inaonekana. Waulize wachimba visima.

Ukuta wangu ulibomolewa hadi msingi. Fundi wa sasa, kijana mpole, aliweka nailoni nzito juu ya msingi ili maji yasipande, akaniambia tofali mpya zitafyatuliwa hapohapo nikiona. Lori la mchanga wa mto lilipofika nilimwomba dereva asimwage kwanza. Nilipanda nyuma, nikachota kidogo kutoka katikati ya tela, nikaweka ulimini. Utingo alinitazama kama mgonjwa. Ulikwaruza meno, haukuwa na ladha yoyote, nikamwambia amwage.